Faiba: sebuleni inakimbia, chumbani inakwama

Mkazi wa Tabata: Wakuu, nimefungiwa intaneti ya faiba yenye kasi ya Mbps 100. Sebuleni iko moto, ila chumba cha nyuma anakosomea binti yangu video zinakwamakwama. Fundi anataka niongeze kifurushi. Kweli?

Fundi Nyaya: Usiongeze hata shilingi, mkuu! Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta, upime. Ikigonga 90 na kitu, laini ni nzima, tatizo ni Wi-Fi. Wi-Fi ina masafa mawili: 5 GHz ina kasi lakini kuta za tofali zinaimaliza. 2.4 GHz inafika mbali, ila taratibu.

Mkazi wa Tabata: Kwa waya ni 94.

Dada Kimara: Basi vuta waya wa LAN (waya wa mtandao wa ndani) kutoka kwenye ruta hadi chumbani, ufunge ruta ya pili. Na ule waya mwembamba wa faiba msiukunje kona kali, tafadhali. Ndani ni kioo, mwanga unaobeba intaneti unavuja.