Naomba ushauri: mchoro wa bibi yangu hauna uhai

Kijana wa Dunda: Ndugu zangu, nachora kwa Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, hapa Bagamoyo: naiweka picha kwenye tabaka la chini, naififisha, kisha nafuata mistari kwa kalamu ya kidijitali kwenye tabaka la juu. Nimejaribu picha ya bibi akiwa ufukweni, jua likizama baharini nyuma yake. Ushungi na mikono vimetoka vizuri, lakini uso umekuwa kama kinyago. Je, mistari niinenepeshe au niipunguze?

Fundi Kalamu: Mstari wa nje uwe mnene, wa ndani mwembamba, na mara kwa mara uifiche picha ili uone kama mchoro unasimama peke yake. Nilipomchora marehemu baba nilifuata kila kunyanzi, akaonekana mwenye hasira, naye maishani hakuwahi kutukaripia. Nilifuta karibu yote, nikabakiza mawili pembeni mwa macho, ndipo mama akamtambua.

Mama Kaole: Mwanangu, mchoro huo ni wa nini, na bibi yako anajua?

Kijana wa Dunda: Shikamoo mama. Utachapwa kwenye mifuko ya kitambaa, na mteja ameshatanguliza malipo. Bibi sijamwambia, ila hii ni mistari mitupu, si picha, nani atamtambua?

Mama Kaole: Marahaba. Unasikitika kwamba hafanani, kisha unajitetea kwamba hafanani. Wako wazee wasiopenda hata kupigwa picha, sembuse sura yao kubebewa vitunguu sokoni.

Baharia Mstaafu: Mimi naona kisa hiki kimetungwa. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama nchi kavu. Picha hiyo ilipigwa wapi?

Kijana wa Dunda: Sijatunga, mzee wangu. Aliipiga binamu yangu, hapa hapa, mimi sikuwapo. Niliona wekundu wa anga nikadhani ni machweo, kumbe ni alfajiri.

Fundi Kalamu: Basi tatizo ndilo hilo. Mwanga ulikuwa nyuma yake, uso ukabaki gizani, nawe ukafuata mipaka ya kivuli ukidhani ni pua na mashavu. Tena Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha, na kuipitishia kalamu hakuondoi haki ya binamu yako. Mketishe bibi karibu na dirisha, mwanga umjie ubavuni, umpige picha wewe mwenyewe, naye akijua sababu.

Kijana wa Dunda: Nitakwenda kwake kesho baada ya alasiri. Ninachoogopa ni kwamba akikataa, sehemu ya malipo nilishanunulia kalamu hii.