Tupeane uzoefu: nyumba ya bei nafuu inayokua na familia

Wakuu, nani kajenga au anaishi kwenye nyumba iliyochorwa toka mwanzo ije kuongezwa? Sizungumzii kubandika chumba nyuma halafu sebule inabaki giza. Mfano mradi wa nyumba wa Quinta Monroy kule Iquique, Chile, 2004, mbunifu majengo Aravena na timu yake ya Elemental walikuwa na dola 7,500 tu kwa familia, na humo humo kuna ardhi, wakaamua kujenga ile nusu ngumu, msingi, ngazi, choo, jiko, paa, nusu nyepesi wakawaachia wenyewe. Nyumba ya mita za mraba kama 36 inafika kama 70. Leteni yenu.

>> Mi fundi. Mchoro wa hivyo nauangalia lenta kwanza, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Kama ukuta utakuja kutobolewa mlango na lenta ishalala juu yake, unatoa tofali tu na watu wanalala humo humo, kama haipo andaa mirunda na presha. Halafu nondo za kusubiri ghorofa zifunikwe zege hafifu jamani, zikikaa wazi mvua zote hizo zinaliwa na kutu, siku ya kupandisha huna kitu.

>> Sisi tulianza na chumba na choo, ila mchoraji alituuliza nani atakuja kuishi na sisi baadaye, nikaona maswali gani haya. Sasa wakwe wako chini karibu na choo, hakuna ngazi, na mlango wao wa nje, baba mkwe anapokea wageni wake bila kupita kwetu. Amani tupu.

>> Huku kwetu masharti ya mradi yanakataza kusogeza hata ukuta. Watu wanajenga usiku, kila mtu kaziba dirisha la mwenzie. Wangechora tu mstari wa mwisho wa kuongeza, mbona tungeufuata.

>> Nyongeza: mradi wa nyumba wa Aranya kule Indore, India, wa mbunifu majengo Doshi, wengine walipewa kiwanja, msingi na choo tu, ila baraza na vijia vya kukaa watu vilifikiriwa. Wabana bajeti wengi baraza ndo wanaikata ya kwanza, wakati mchana kutwa watu wako hapo.

>> @fundi na paa je? Letu lina mteremko mmoja, nikiongeza chumba upande wa chini bati litanigonga kichwa. Naongezea upande wa juu au naezua?

>> Upande wa juu mkuu, usiezue. Pale mapaa mawili yanapokutana paziwe vizuri maji yasiingie, na kama jipya linamwaga kuelekea la zamani na yanakutana bondeni, weka mfereji.