Kidato cha Pili hakitulii baada ya chakula cha mchana: kuwashirikisha wanafunzi kunasaidia?

Mwalimu wa Hisabati, Mufindi:
Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha Kidato cha Pili katika shule ya kata, darasa lenye wanafunzi zaidi ya sabini, na vipindi vyangu huangukia baada ya chakula cha mchana. Nikigeukia ubao, minong'ono huanza nyuma, kisha vicheko, na kabla ya nusu ya kipindi wanaoandika ni wachache. Nimeshauriwa niingie na fimbo, lakini kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu kuchapa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Sina idhini hiyo wala siitafuti. Naomba uzoefu wa waliolituliza darasa la namna hii kwa kazi yenyewe ya darasani.

Mwalimu mstaafu, Iringa:
Mdogo wangu, jiulize kwanza hao wanaonong'ona wana kazi gani wakati wewe unaandika. Mara nyingi hawana, ila kusubiri umalize wanakili. Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1970, alikuta kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawakutofautiana na wenzao katika namna ya kukemea kosa likishatokea. Waliwazidi kwa kuliwahi, yaani kuliona darasa zima, kutoacha somo lisimame, na kumweka kila mwanafunzi katika hali ya kujua kwamba anaweza kuulizwa wakati wowote.

Basi mwagize kiranja aandike ubaoni maswali mawili ya marudio kabla hujaingia. Kisha wape jambo wanaloliona nyumbani kwao. Chukua lumbesa: sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini la viazi hujazwa kupita mdomo wake na kushonewa kamba juu. Waulize: gunia la kilo 130 likilipwa bei ya kilo 100, mkulima amepunjwa asilimia ngapi ya mzigo wake? Wengi watasema 30. Watatokea wachache watakaogawanya kilo 30 kwa 130 na kupata takribani 23, na hapo darasa litabishana. Usiwanyamazishe, waite wa pande zote mbili waje kutetea hesabu zao ubaoni.

Mwalimu, Mbalizi:
Naunga mkono kwa sehemu. Tunaposikia ushirikishwaji tunakimbilia makundi ya wanane wanane, na katika chumba cha wanafunzi sabini hilo ni gulio: wawili wanakokotoa, sita wanapiga soga. Waache wawili wawili kwenye dawati walipo.

Halafu tusisahau lugha. Watoto wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, na wanaokaa kimya sekondari hawana kiburi, hawana maneno ya Kiingereza ya kujibia. Akishindwa kujibu, kuchekesha wenzake ndiyo heshima inayombakia. Ninawaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili, kisha jibu litolewe kwa Kiingereza. Pia ninasubiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi huko Marekani, aliona kwamba mwalimu akiuliza husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba akisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaoshindwa kujibu hupungua.

Mwalimu wa Hisabati, Mufindi:
Ahsanteni sana. Nitaanza na lumbesa wiki hii. Yuko kijana mmoja, mkubwa kiumri kuliko wenzake, anayeongoza vicheko. Mwenzangu wa ofisini anasema nimpe ukiranja.

Mwalimu mstaafu, Iringa:
La hasha. Wenzake wataona kwamba vurugu hulipwa cheo. Mpe swali unalojua ataliweza, mapema katika kipindi, kabla hajapata nafasi ya kuanza vichekesho, na siku ifuatayo mpe lililo gumu kidogo. Ila kabla ya hayo, muulize faraghani kama anauona ubao kutoka huko nyuma.