Kuungana na Bonga: gumzo la Majirani wa Ziwa Babati

JUMANNE

05:58 Katibu: Habari za asubuhi wapendwa. Narudia kwa mara ya mwisho. JUMAMOSI afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde anakuja. Anataka atukute kitu kimoja, siyo vikundi viwili vinavyonuniana. Sisi wa ziwani na wenzetu wa Bonga kule juu tunaunda jumuiya moja ya watumia maji. Wenzetu nimewaingiza humu tangu jana, karibuni sana. Aliyesoma aandike NIMESOMA.

06:40 Katibu: Tupo 61 humu. Waliofungua ujumbe ni 38. Nawaona.

07:15 Mama Upendo: Nimesoma

07:16 Mama Upendo: Jamani leo kuna perege? Wateja wananisumbua

07:22 Mvuvi Mdogo: Perege wamegoma mama. Kambale wapo watatu, mmoja ana sura ya kuogopesha

07:23 Mama Upendo: Niwekee huyo huyo, akishakaangwa sura haionekani

07:25 Katibu: Samaki mkaongee pembeni tafadhali!!

09:04 Katibu: Naweka orodha ya watakaofika. Nakili, ongeza jina lako chini, rudisha.
1. Katibu
2. Mama Upendo

09:31 Fundi Pikipiki:
1. Katibu
2. Mama Upendo
3. Fundi (nikipata nafasi)

09:33 Mvuvi Mdogo:
1. Mvuvi Mdogo

09:34 Katibu: Umetufuta wote.

09:40 Mvuvi Mdogo: Samahani simu hii

12:17 Mhazini: Katibu mimi nina swali kabla ya orodha. Akaunti yetu ina 1,380,000. Wenzetu wanakuja na shilingi ngapi?

12:19 Katibu: Wanakuja na kitalu. Miche zaidi ya elfu tano, migrevilea na mingineyo.

12:20 Mhazini: Miche haiwekwi benki

12:26 Fundi Pikipiki: Tukiungana na Bonga itakuwa ni kubonga tu mpaka jioni 😂

12:26 Mvuvi Mdogo: 😂😂😂

12:27 Dada Duka la Dawa: 😂 Fundi wewe

12:41 Baba Neema (Bonga): Tunasoma, lakini.

12:55 Katibu: Fundi, futa.

12:56 Fundi Pikipiki: Utani tu jamani, mimi mke wangu wa huko huko

13:30 Mhazini: Utani kando. Sisi akina mama tuna mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato inayotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mnakumbuka ilivyosimamishwa 2023, tukakaa tunasubiri. Sasa tumeupata, tunarejesha kila mwezi. Tukijichanganya na akina baba wa Bonga, kikundi kitaitwa cha wanawake tena? Nani atajibu kule halmashauri?

14:48 Mwalimu Mstaafu: Mhazini, hayo ni mafaili mawili tofauti. Kikundi cha mkopo kinabaki kama kilivyosajiliwa. Jumuiya ya watumia maji ipo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, inasajiliwa na Bodi ya Maji ya Bonde. Mtu mmoja anaweza kuwa kote kuwili. Fedha za mkopo zisiguse akaunti ya jumuiya, basi.

14:50 Mhazini: Nataka hilo liwe kwenye katiba, si kwenye simu

14:51 Katibu: Litakuwepo. Asante Mwalimu. Wengine mmekufa?

JUMATANO

06:10 Katibu: [Picha]

06:11 Katibu: Huu ni mto unaoingia ziwani, leo alfajiri, baada ya mvua ya saa mbili tu. Angalieni rangi. Chai ya maziwa. Ule mti wenye alama niliousimika mwaka juzi pale kwenye mawe, tope limefika alama ya tatu. Ziwa lenyewe halina kina, tukiendelea hivi viboko watakuwa wanatembea.

06:30 Mvuvi Mdogo: Viboko wanatembea tayari. Juzi wamemaliza mahindi ya mama mdogo, nusu eka. Kifuta jasho kaambiwa ajaze fomu

06:33 Mama Upendo: Pole yake jamani. Alivuna hata kidogo?

06:35 Mvuvi Mdogo: Viboko ndio wamevuna

07:02 Katibu: Tope hilo halitoki ziwani. Linatoka juu. Ndiyo maana nasema tuungane, huwezi kulinda beseni bila kumshika anayemwaga.

07:44 Baba Neema (Bonga): Katibu, umetukaribisha humu juzi tu, leo sisi ndio tunamwaga?

07:45 Baba Neema (Bonga): Naomba niseme kwa adabu. Matuta ya kontua tumelima wenyewe, bila posho. Makorongo mawili tumeziba kwa mawe na matete. Hiyo miche mnayosema haiwekwi benki, wake zetu wanaimwagilia kwa ndoo tangu kiangazi. Sasa niambieni, tanuru za matofali zilizopo pembeni ya ziwa, kuni zake zinatoka wapi? Lori linapita mlangoni kwangu usiku.

08:01 Fundi Pikipiki: Mmmh

08:20 Mama Upendo: Hapo kasema kweli. Mimi hizo tanuru nilishazisema

08:26 Mama Bonga Juu: Na mita 60 je? Mnatuimbia mita 60 za mto, mbona bustani na pampu za ziwani zinagusa maji? Nyanya za nani zile?

08:29 Mama Upendo: Mchicha wangu ni matuta manne tu

08:52 Mwalimu Mstaafu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema ndani ya mita 60 pasifanyike shughuli za kudumu au za kuharibu, na haikubagua. Ukingo wa ziwa, ukingo wa mto, vyote. Kwa hiyo tumo wote. Tukianza kuhesabu wenye makosa humu atabaki Dada Duka la Dawa peke yake.

08:53 Dada Duka la Dawa: Na mimi ni kwa sababu nimepanga, sina shamba 😂

09:15 M/Kiti Bonga: Nimekaa kimya nisome. Watu wetu wana hofu, na hofu yao ina sababu. Mimi kwetu ni Kondoa. Mwaka 1979 mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) uliondoa mifugo yote eneo lile, ng'ombe, mbuzi, kondoo, hadi punda. Walisema ni kwa ajili ya kuhifadhi ardhi. Miti ikaota, sikatai, leo ukipita Kondoa unaiona. Lakini baba yangu alihama na ng'ombe akarudi na fimbo. Sasa anakuja mtu na karatasi ya "jumuiya", anasema weka saini Jumamosi. Saini ya nini? Nani atakuwa juu ya nani?

09:20 Katibu: Mwenyekiti, hakuna wa juu wala chini. Viongozi nusu kwa nusu. Watia saini benki watatu, mmoja wenu.

09:21 M/Kiti Bonga: Mmoja kati ya watatu ndiyo nusu?

09:23 Mvuvi Mdogo: Hesabu za mbuzi hizo

09:23 Fundi Pikipiki: Weeee

09:24 Mvuvi Mdogo: *Ujumbe huu umefutwa*

09:26 M/Kiti Bonga: Nimeuona kabla hujafuta. Afadhali umelitaja wewe. Sisi tulishuka na mbuzi mzima Siku ya Mazingira. Mzima. Mezani kwetu mkaleta supu.

09:27 Mama Bonga Juu: Na ilikuwa ya baridi

09:30 Mhazini: Mvua ilinyesha siku ile mnajua kabisa. Na wageni wa wilayani waliongezeka

09:31 Baba Neema (Bonga): Wageni wa wilayani walikula mapaja manne ya mbuzi mmoja?

09:33 Fundi Pikipiki: Mbuzi ana mapaja mawili kaka, mengine ni mikono

09:34 Katibu: JAMANI. Afisa anakuja Jumamosi.

09:41 *M/Kiti Bonga ameondoka*

09:42 Mama Upendo: Haya sasa

10:05 Katibu: Nimempigia mara nne hapokei. Mvuvi Mdogo umefurahi?

10:06 Mvuvi Mdogo: Nilifuta

13:15 Shemeji Arusha: Habari za huko wapendwa. Nimeona ujumbe ni mwingi, nani kafariki?

13:20 Dada Duka la Dawa: Hakuna shemeji. Ni mbuzi

19:38 Babu wa Singe: 🎤 Ujumbe wa sauti (3:12)

19:39 Mama Upendo: Shikamoo Babu

19:39 Fundi Pikipiki: Shikamoo Babu

19:40 Mhazini: Shikamoo mzee wetu

19:40 Mvuvi Mdogo: Shkamoo babu

19:41 Baba Neema (Bonga): Shikamoo mzee

19:43 Katibu: Shikamoo Babu. Jamani moja inatosha kwa wote, tusikilize kwanza.

19:50 Dada Duka la Dawa: Sina bando la sauti, mtu aandike

20:14 Babu wa Singe: Ni mimi mjukuu, Babu yupo hapa ananiambia niandike alichosema. Anasema marahaba wote.

20:21 Babu wa Singe: Anasema mwaka 1990 maji yalipoingia mjini alikuwa na watoto wanne na bibi mjamzito. Nyumba ilikuwa ya udongo, ukuta wa nyuma ulikaa chini. Walipandisha Bonga kwa miguu. Mtu aliyewafungulia mlango usiku ni baba yake huyu mwenyekiti aliyetoka humu leo. Walikaa kwake mpaka maji yalipopungua. Hakuuliza wa ziwani ni nani.

20:24 Babu wa Singe: Anasema na Katesh mwaka 2023 mliona wenyewe, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang na watu zaidi ya 80 wakafa. Siyo mbali na hapa. Mnafanya mzaha na mlima.

20:29 Babu wa Singe: Anasema la mbuzi analijua lote, alichinjwa uani kwake, na hataki kulisikia tena humu. Na anasema hivi, nimeambiwa niandike kama alivyosema: "Mtu hatolewi kwenye simu akarudishwa kwa simu. Afuatwe kwake. Asipofuatwa, Jumamosi mimi sitoki nyumbani, na kiwanja changu msikitumie kwa mkutano."

20:30 Babu wa Singe: Amekwenda kulala.

20:52 Mwalimu Mstaafu: Tumesikia.

21:03 Baba Neema (Bonga): Asante mzee. Sina la kuongeza.

21:10 Fundi Pikipiki: Sikuijua hiyo ya 1990. Naomba radhi kwa utani wa jana

ALHAMISI

05:47 Katibu: Habari za asubuhi. Babu kasema, tutekeleze. Leo jioni tupande Bonga watu watatu. Mimi, Mwalimu, na Mhazini kwa sababu yeye ndiye alijibu la mvua.

06:30 Mhazini: Leo ni siku ya marejesho. Siwezi

06:55 Mama Upendo: Mimi nakwenda. Nitabeba sukari kilo mbili, mkono mtupu haufai

07:10 Mwalimu Mstaafu: Nipo, ila magoti hayapandi pikipiki. Nani ana gari?

07:11 Katibu: Mvuvi Mdogo na wewe utakwenda.

08:40 Mvuvi Mdogo: Kufanya nini?

08:41 Katibu: Kukaa kimya.

11:25 Baba Neema (Bonga): Katibu, msipande leo. Mwenyekiti amekwenda Kondoa kwenye msiba, mama yake mdogo. Anarudi Ijumaa usiku, au Jumamosi asubuhi kama watachelewa kuzika.

11:27 Mama Upendo: Poleni sana jamani

11:27 Dada Duka la Dawa: Poleni wafiwa 🙏

11:28 Shemeji Arusha: Nilisema kuna msiba

11:40 Katibu: Poleni sana. Basi rambirambi kwanza, Mhazini pokea, kila mmoja anachoweza. Na afisa nimpigie asogeze?

11:52 Mwalimu Mstaafu: Mpigie. Mwambie aje kuona korongo na tanuru, mambo ya saini yasubiri. Akikuta muhtasari umesainiwa bila mwenyekiti wa Bonga, utakuwa ni muhtasari wetu sisi tu.

12:30 Katibu: Nimempigia. Anasema ratiba ya gari la ofisi imeshapangwa, akikosa Jumamosi hii hajui lini. Atanijibu kesho.

12:44 Baba Neema (Bonga): Sisi tutaleta miche 200 hata hivyo, ipandwe pale tope linapoingilia. Hiyo haihitaji saini.

12:45 Katibu: Mungu awabariki.

12:47 Mhazini: Nani atalipia usafiri wa miche?

15:33 Fundi Pikipiki: Guta la jirani lipo, mafuta tu. Kilo za mafuta tuchange

15:34 Mvuvi Mdogo: Mafuta yanauzwa kwa kilo?

15:34 Fundi Pikipiki: Lita wewe, umeelewa

18:20 Mzee Mstahimilivu: NIMESOMA

18:22 Katibu: Asante mzee, hiyo ilikuwa ya Jumanne.

21:47 Dada Duka la Dawa: Samahani nilikuwa kazini. Kwa hiyo Jumamosi ipo au haipo?

21:50 Mvuvi Mdogo: Ipo

21:50 Mama Upendo: Haipo mpaka tupande Bonga

21:53 Baba Neema (Bonga): Miche ipo.

22:06 Mhazini: Rambirambi mpaka sasa ni 47,000. Na sufuria zangu mbili kubwa zipo kwa nani tangu kipaimara? Kama Jumamosi ipo nazihitaji.