Baba amegoma kuhama mtaa wa wastaafu. Nimchukue kwa nguvu au nimwache?

Binti_wa_Kampemba

Jambo yenu bapapa na bamama, jambo ndugu zangu. Nina neno linaninyima usingizi.

Baba yangu ana miaka 76. Amefanya kazi ya shaba hapa Lubumbashi miaka 34, karakana ya kuchomelea vyuma, na mpaka leo anaishi katika nyumba ileile ya kambi ya wafanyakazi tuliyozaliwa sisi sita. Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita. Vijana wengi wameshaondoka kule. Barabara yetu ina nyumba 22, na 17 kati yake zina mstaafu ndani.

Mimi na mume wangu tumemtengenezea chumba hapa Bel-Air, chenye bafu la ndani. Tulimleta mwezi wa sita, ile baridi ilipokaza. Alikaa siku tisa. Kila siku saa kumi na nusu usiku alikuwa ameshavaa kofia yake ngumu ya kazini, anafagia ua. Akimaliza wetu anafagia mbele ya geti la jirani, kisha la jirani wa pili. Siku ya kumi tuliamka tukakuta kitanda kimetandikwa vizuri na yeye hayupo. Alikuwa amerudi kambini kwa miguu, kofia kichwani, redio kwapani.

Kaka yangu wa Kolwezi anasema huo ni ugonjwa wa akili za uzee. Ushahidi wake mkubwa ni huu: kila asubuhi saa kumi na mbili baba anainua kidole na kusema "imelia". Anasema king'ora cha kazi kimelia. Jamani, hakuna king'ora! Kilinyamaza zamani sana.

Nilimfuata nikakaa naye siku mbili nimchunguze, na ndipo nilipozidi kuchanganyikiwa, maana nimekuta barabara nzima iko vile.

Chini ya mwembe wanacheza dame, yaani drafti. Ubao ni mlango wa kabati la zamani uliopigwa rangi miraba, kete ni vifuniko vya chupa, vya bia ya Simba upande huu na vya bia ya Tembo upande ule. Kapita mmoja wa zamani, yaani msimamizi wa kazi, ndiye mwamuzi, ana filimbi shingoni. Saa sita juu ya alama anapuliza, na wote wanaacha mchezo ulivyo wanaenda kula bukari, ugali wetu. Ubao unafunikwa kwa beseni, juu ya beseni linawekwa jiwe, kuku wasije wakahamisha kete. Saa nane filimbi tena, beseni linafunuliwa, na mchezo unaendelea kuanzia kete ileile.

Hao kuku nao! Kila mmoja ana kitambaa mguuni chenye rangi ya mwenyewe: chekundu cha mama wa kona, bluu cha mzee wa filimbi, cheupe cha katekista. Niliona jogoo wa bluu amekamatwa kwenye bustani ya lengalenga ya mama wa kona. Alirudishwa kwao ameshikwa mabawa, wakubwa wawili wakimsindikiza, na mwenye jogoo akatoa ndoo mbili za maji kumwagilia kama fidia.

Pembeni ya reli kuna mzee aliyekuwa dereva wa treni. Treni ya mizigo ikipita anatoa saa mfukoni, anaandika kwenye daftari dakika ilizochelewa. Alinionyesha daftari la sasa, la kumi na moja. Mstari mmoja uliandikwa: "Dakika 40. Mvua. Amepiga honi vizuri."

Nilicheka mpaka machozi, sikatai. Lakini usiku nikiwa kitandani nikajiuliza: hawa wazima? Na mimi kama mtoto wa kike wa kwanza, wajibu wangu ni upi? Naombeni ushauri wa kweli.

Mwana_Katuba

Yaya, dada mukubwa, acha muzee abakie kwake. Wa kwetu tulimutosha kule tukamuleta huku Katuba. Kila asubui alikuwa anabeba kiti anaenda kukaa ku kituo cha bus. Hakuwa na safari. Alikuwa anatafuta tu batu ba kusalimia. Miezi saba, akapunguka mwili mpaka suruali ikawa inafungwa na kamba. Tulimurudisha mu kambi, na siku ya kwanza alikula bukari mbili na sombe yote. Huyo wako alikuonyesha mapema, siku ya kumi tu.

Muuguzi_Mstaafu

Binti yangu, nimefanya kazi wodini miaka mingi, nikujibu kwa utaratibu.

Mazoea ya miaka 34 si ugonjwa. Mtu aliyeamka saa kumi maisha yake yote ataamka saa kumi. Kuvaa kofia ileile, kufagia, kupenda saa maalumu, hayo ni tabia. Linalotutia wasiwasi sisi ni mabadiliko: mtu aliyekuwa anafanya jambo vizuri sasa anashindwa. Anapotea njia anayoijua. Anauliza swali lilelile mara tano ndani ya saa moja. Anashindwa kuhesabu pesa ya sokoni, naye zamani alihesabu. Anaacha sufuria motoni. Anaweka funguo kwenye unga. Anakuwa mkali ghafla kwa watu aliowapenda.

Sasa tazama ulichotueleza mwenyewe. Mzee wa miaka 76 ametoka Bel-Air gizani, amefika kambini kwa miguu, hakupotea, na kitanda alitandika. Mimi hapo sioni akili iliyochoka.

Hata hivyo mpeleke apimwe, usiache. Kusikia kukipungua, mtu anajibu ovyo na watu wanadhani amechanganyikiwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huzuni ya kufiwa, hata dawa fulani za presha au za usingizi, vyote vinaweza kufanana na ugonjwa wa kusahau, na vingi vinatibika. Mama ameondoka miaka mitatu tu. Muulize analala vipi, anakula nini, na nani.

Mpwa_wa_Ruashi

Dada, mimi nasema kinyume na wenzangu, na nasema kwa uchungu. Baba mdogo tulimwacha katika nyumba kama hiyo kwa sababu alikuwa na furaha. Choo kiko nje, ngazi mbili za saruji, taa hakuna. Umeme ulikuwa umekatika, alitoka usiku, akateleza. Nyonga ilivunjika. Hakutembea tena. Hao wazee wa filimbi walimpenda sana, walikuja hospitalini wote, lakini saa nane usiku alikuwa peke yake chini kwenye saruji mpaka kulipokucha.

Sisemi umfunge Bel-Air. Nasema kabla ya kuamua, nenda usiku ukatembee mwenyewe kutoka kitandani kwake mpaka chooni bila tochi.

Papa_wa_Zamani

Mwanangu, nina miaka 79, nami ni mtu wa kambi, ingawa si kambi ya baba yako. Mjukuu ananiandikia haya, mimi nasema.

Kwanza hilo la "imelia". Hakuna anayesikia kitu. Ni lugha yetu. "Imelia" maana yake saa imefika. Mke wangu akimaliza kusonga bukari anasema imelia. Misa ikitaka kuanza, imelia. Mtu akifariki tunasema kwake imelia. Muulize baba yako, "Papa, unaisikia kwa masikio?" Utaona atakavyokutazama.

Kofia nayo usiidharau. Watoto wa leo hamjui maisha ya kambi yalikuwaje. Tangu enzi za Union Minière, iliyoanza 1906, mpaka ilipochukuliwa na serikali 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, mtu wa kambi alipewa nyumba, posho, shule ya watoto na dispensari. Tulikuwa tunasema kampuni njo baba, njo mama. Saa ya kuamka, ya kula, ya mpira, zote zilipangwa. Halafu siku moja unapumzika na hakuna tena anayekupangia. Wengine nyumbani waliketi wakitazama ukuta, hao hawakukaa sana. Sisi tuliosalia tulijipangia wenyewe. Ile filimbi ya kapita, mwanangu, sisi kwetu tuna kengele ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye mti. Kazi ni ileile.

Na siku ya pensheni uje utuone. Tunavaa suti na tai, viatu vinapigwa rangi usiku uliotangulia. Foleni inaweza kuchukua siku nzima, kwa hiyo kila mtu anakuja na kigoda chake kimeandikwa jina kwa rangi, na viti vinasogea kwenye mstari wenyewe, sisi tumekaa kivulini tukibishana kuhusu Mazembe na Lupopo, timu zetu za mpira. Mimi Mazembe bado nawaita Englebert, jina lao la zamani, na mtu wa reli, ambaye timu yake ni Lupopo, akinisikia lazima naye ataje la zamani la Lupopo. Hakuna anayeiba nafasi ya kiti. Hakuna.

Mke_wa_Fundi

Papa umenikumbusha baba mkwe! Desemba 2010, Mazembe walipowafunga Internacional wa Brazili mbili bila kule Abu Dhabi, wazee wa mtaa wao walikuwa wamejaa sebuleni kwetu. Bao la pili lilipoingia, baba mkwe akaketi chini kwenye mkeka akaanza kuruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa Mazembe. Alikuwa na miaka 71. Aliruka mara nne, ya tano akakwama. Ilibidi wajukuu watatu wamnyanyue, na alipokwisha kunyanyuliwa akauliza kama kipa mwenyewe amemaliza kuruka. Mpaka leo wenzake wanamwita Kidiaba, na akipita sokoni anaitika.

Dada, mkeka ule hakuna Bel-Air. Lakini yule wa Ruashi amesema kweli kuhusu choo. Tengeneza choo.

Binti_wa_Kampemba

Nimerudi, ndugu zangu. Asanteni, na samahani kwa kuchelewa.

Nimeanza na hospitali. Masikio: la kushoto limepungua sana, la kulia liko vizuri. Presha iko juu kidogo, dawa amepewa. Damu imepimwa. Daktari alimuuliza tarehe, siku, jina la mtaa, akamwambia atoe saba kwenye mia moja, atoe tena, atoe tena. Baba alishuka mpaka mbili bila kukosea, kisha akamuuliza daktari kama naye anataka kujaribu.

Nilimuuliza lile la king'ora, kama Papa alivyosema. Alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma mpaka chuo kikuu." Basi. Kaka nimempigia nikamweleza, amenyamaza kidogo, akacheka.

Kisha nikalala kule, na saa nane usiku nikaenda chooni bila tochi. Mpwa wa Ruashi, Mungu akubariki. Niligonga kidole cha mguu kwenye ngazi ya pili nikashika ukuta. Asubuhi nikamwambia baba kwamba nitaleta fundi aweke bomba la kushikilia kutoka mlangoni mpaka chooni. Akaniuliza, "Fundi gani?" Nikakumbuka ninaongea na nani.

Jumamosi walikuja watano, wote na kofia zao ngumu. Mmoja alileta miwani ya kuchomelea iliyofungwa kwa raba kwa sababu mkono mmoja wa miwani hiyo umevunjika. Kazi ilianza saa moja. Mpaka saa tatu walikuwa bado kwenye vipimo. Walimsimamisha baba mlangoni, wakamwambia afumbe macho anyooshe mkono kama ametoka usingizini, wakaweka alama ya chaki ukutani pale mkono ulipofika. Halafu mzee wa filimbi akasema kipimo cha baba peke yake hakitoshi, maana wageni nao wanatumia choo, kwa hiyo kila mmoja alisimama zamu yake akafumba macho. Alama sita za chaki. Wakabishana. Dereva wa treni aliandika kila kitu kwenye daftari. Mwishowe bomba lilikaa kwenye alama ya baba, na chini yake wakachomelea kipande kifupi kwa ajili ya "mtoto akija", maana yake mjukuu.

Nimelishika lile bomba kwa nguvu zangu zote. Halitikisiki. Taa ya sola nimenunua mimi, ngazi zimepigwa rangi nyeupe ukingoni, na mtoto wa katekista amekubali kulala kule siku za juma. Jumapili baba anakuja kula kwetu na kurudi jioni. Chumba cha Bel-Air kipo, kitanda kipo, akitaka.

Sasa nina swali jingine, na hili ni la haraka. Nimemnunulia kuku watatu wa mayai na nawapeleka kesho. Nimeuliza kambini: nyekundu, bluu, nyeupe, njano na kijani zote zina wenyewe. Nyeusi wamekataa, wanasema ni ya msiba. Nifunge kitambaa gani?

Papa_wa_Zamani

Zambarau, mwanangu. Ila kamuulize kwanza mama wa kona.

Mwana_Katuba

Yaya, ya kitenge je? Hata vipande bya kitenge kya mama yenu, kama bingali.

Binti_wa_Kampemba

Vipo. Viko kwenye sanduku lake, chungwa na kahawia. Naenda kukata sasa hivi.