Rafiki wa kufa na kuzikana: akae kwenye kikao cha ukoo au atolewe nje?

Wadau, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kuna kauli nimeisikia kwenye misiba mingi hapa Mbeya, na mwezi uliopita nikaisikia nyumbani kwetu Uyole: kikao cha ukoo ni cha damu tu, rafiki wa marehemu, hata wawe wamekaa miaka 50, ni mtu baki. Mimi napinga.

Baba yangu, Mnyakyusa wa Rungwe, alikutana na mwenzake, Mbena wa Njombe, wakiwa vibarua kwenye ujenzi wa TAZARA, kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule kwenye mahandaki na madaraja mengi. Reli ilipokamilika mwaka 1975 hawakuachana. Wakalima viazi Uyole, mashamba yamepakana. Sisi watoto tulikula popote giza lilipotukuta. Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka kwenye ng'ombe wake. Mahari ya binti yake wa kwanza ilipokelewa sebuleni kwetu. Walisalimiana kila mmoja kwa lugha ya mwenzake, baba akisema "Kamwene" na yeye "Ugonile", mpaka wiki ya mwisho hospitalini. Mimi namwita baba mkubwa, sijawahi kumwita vingine.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo akasema, "Wasio wa ukoo watupishe." Mzee akachukua fimbo na kofia yake, akatoka, akaketi chini ya mparachichi. Hakusema neno. Ndani tukafika kwenye shamba la bondeni: mpaka uko wapi? Na deni la mbolea, lilishalipwa? Tukatazamana. Ikabidi mtoto atumwe kumwita. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akaeleza kwamba mpaka ni kisiki cha mkaratusi uliokatwa, na kwamba deni lilikuwa limebaki shilingi 80,000, akalimaliza yeye baba alipolazwa. Kisha akarudi mparachichini. Nami mtoto wa marehemu nilinyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wanaosema mila inakataa, mila ipi? Kwa Wanyakyusa wa zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe. Jirani yako alikuwa mwanarika mwenzako, si lazima ndugu yako. Na kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mtu baki, neno lile lile tunalomfukuzia mzee wetu, ndiye mila inayemtaka awepo ili neno la marehemu lisipindishwe! Hata mahakama ya mwanzo inaruhusiwa kumteua mtu mwaminifu asiyeelemea upande wowote awe msimamizi wa mirathi.

Hofu ya wanaopinga naijua, na ni ya kweli. Wapo waliojiita marafiki wa marehemu, kumbe wana karatasi za kiwanja mfukoni. Ndiyo maana nasema tutenganishe kiti na fungu. Mali ibaki kwa warithi, wala baba mkubwa hajaomba hata tuta moja la viazi. Lakini kiti cha kusikiliza, kukumbusha na kushuhudia apewe yule ambaye nyumba zote mbili zinamjua kwa matendo: aliyesomesha, aliyeuguza, aliyeshika jembe kaburini.

Jumamosi ijayo tunakaa tena kupendekeza msimamizi wa mirathi. Nimeshawaambia wadogo zangu kwamba baba mkubwa akitolewa, nami nitakaa naye mparachichini. Anayeona nakosea anijibu: kama mzee yule hakuwa na haki ya kukaa mle ndani, sisi tulipata wapi haki ya kumwita mlangoni atuoneshe mpaka wetu?