Dar es Salaam hadi Mbeya kwa pikipiki: nijikinge vipi na waporaji?

Mkazi wa Kimara

Ndugu zangu, habari za jioni. Mwishoni mwa mwezi huu ninatarajia kwenda Mbeya kwa pikipiki yangu ya cc 150, safari inayozidi kidogo kilomita 800, kumpelekea mama fedha za mabati na kumwachia mdogo wangu pikipiki hiyo kwa kazi za shamba. Morogoro nimekwisha kufika mara mbili, lakini zaidi ya hapo sijawahi kupita kwa magurudumu mawili. Kinachoninyima usingizi ni waporaji, kwa kuwa mwenye gari anaweza kufunga vioo akaendelea na safari, ilhali mimi nitakuwa wazi, peke yangu, na mzigo nyuma. Nilifikiri niondoke saa tisa usiku, nifuatane na mabasi ambayo siku hizi husafiri usiku, ili nifike siku hiyohiyo. Je, ni busara? Na fedha nizifiche wapi?

Fundi wa Mbezi

Ndugu, nakuomba uachane kabisa na saa tisa usiku. Basi hutalipata, kwa maana litakupita kwenye tambarare ya kwanza na kukuacha na vumbi na giza. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kunapokucha, ulale Iringa, ambako ni kama kilomita 500, na Mbeya uimalizie kesho yake kupitia Mafinga na Makambako. Jiwekee sharti hili: ikifika saa tisa alasiri hujaanza kupanda mlima wa Kitonga, lala Ruaha Mbuyuni, hata kama mwili bado una nguvu. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hupita kwa takriban kilomita 50, usisimame bila sababu ya lazima. Huko hofu yako iwe tembo na nyati.

Mporaji hana mbio za kumkimbiza mtu aliye mwendoni. Humngoja mahali anapolazimika kupunguza mwendo au kusimama. Kwa hiyo ulinzi wako wa kwanza uko kwa fundi. Kagua cheni, taa na breki, badilisha tyubu iliyokwisha kuzibwa viraka, ubebe tyubu ya akiba, pampu na spana za kufungulia gurudumu. Ukipata pancha karibu na makazi, ni heri usukume pikipiki hadi penye watu kuliko kuinama peke yako kando ya pori. Mafuta jaza tangi likiwa nusu, na anayekuuliza sheli unakokwenda mwambie unafika hapo mbele tu.

Msafiri wa Tabata

Nachangia kwa yaliyonipata. Kati ya Chalinze na Morogoro, jua likiwa limekwisha kuzama, vijana wawili kwenye pikipiki moja walinifikia ubavuni, na yule wa nyuma akawa ananionyesha mzigo wangu kwa kidole, kana kwamba unadondoka. Nilishukuru moyoni, nikasimama. Kabla sijateremsha stendi, mmoja alikwisha kuchomoa ufunguo wangu, na mwenzake akakata kamba ya mpira kwa kisu kifupi, taratibu, kama mtu anayekata mkate. Walichukua begi na simu, na ufunguo wakautupa kwenye majani. Niliutafuta kwa kupapasa karibu saa nzima, nikitetemeka.

Tangu siku hiyo, nikionyeshwa kasoro yoyote, nainua mkono kushukuru, kisha naendelea hadi sheli au penye maduka, ndipo nakagua. Nikikuta magogo au mawe barabarani mahali pasipo watu, nageuza nikiwa bado mbali na kusubiri gari jingine litokee. Wakikufikia usipigane nao, ndugu yangu. Wape wanachotaka, mama anakusubiri wewe kwanza.

Dada wa Kigamboni

Kaka, kuhusu fedha, hakuna mahali pa kuzificha ambapo mporaji hajawahi kupekua: soksi, chini ya kiti, ndani ya kofia ngumu, pote wanapajua. Mtumie mama kupitia benki au wakala kabla hujaondoka, nawe ubaki na za mafuta, chakula na malazi, ukizigawa mifuko miwili. Kama simu yako ina fedha, namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Nakala za leseni, kadi ya pikipiki na bima mwachie mtu nyumbani, pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu polisi wataiuliza. Likitokea la kutokea, ukishafika mahali salama piga 112, omba simu ya mtu uifunge laini yako kabla waporaji hawajafungua simu yako, kisha uende kituo cha polisi kilicho karibu upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi.

Mkazi wa Kimara

Nawashukuru sana. Fedha za mabati nimekwisha kumtumia mama leo mchana, na tyubu ya nyuma nimebadilisha. Nitaondoka alfajiri inapopambazuka. Swali langu la mwisho ni gesti ya Iringa: nichague kwa kigezo gani?

Fundi wa Mbezi

Fika Ipogolo, hapo Iringa kando ya barabara kuu, kukiwa bado kweupe, na kabla ya kuuliza bei uliza kama pikipiki inaingia ndani ya ua na geti linafungwa usiku. Wakikuambia mlinzi ataitazama hapo nje, washukuru na uende gesti inayofuata.